Kikapu Hakijauzwa Mpaka Kipokelewe

Hotuba niliyoitoa mbele ya wajasiriamali wanaotengeneza vikapu vya zawadi. Nimeiandika yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.

Wazee wetu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, vijana mliosimama kule nyuma, hamjambo?

Mwenzangu aliyenitangulia ametufundisha kupanga rangi na kufunga utepe, na nimeona wengi wenu mkiandika mpaka kurasa zikajaa. Mimi naomba nianzie pale alipoishia. Utepe umefungwa. Kikapu kiko mezani, kinang'aa, umeshakipiga picha. Pesa imeingia kwenye simu. Sasa niwaulize: umeuza?

Nasikia wengi mnasema ndiyo. Mimi nasema bado. Pesa umepokea, lakini hujauza. Kikapu hakijauzwa mpaka kipokelewe. Kati ya meza yako na mkono wa yule anayetumiwa kuna safari, na biashara yetu inaishi au inakufa ndani ya safari hiyo.

Niwasimulie jambo lililonipata nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii. Binti mmoja aliyekuwa anaishi nchi ya mbali aliagiza kikapu kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mama yake. Akanisisitiza: kifike kabla ya saa 4 asubuhi, kwa sababu saa 4 mama anatoka na harudi mpaka usiku. Nilikitengeneza jioni ile ile kwa moyo wangu wote. Asubuhi dereva akaondoka mapema. Alipofika mtaani, nyumba haioni. Akapiga namba iliyoandikwa kwenye oda. Ilikuwa namba ya binti, na kule aliko ilikuwa usiku wa manane, simu imezimwa. Akanipigia mimi. Na mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na jina la mtaa, jina la mama, na namba ile ile isiyopokelewa.

Dereva alizunguka, akauliza huku na kule, mpaka saa 5 na nusu akaipata nyumba. Imefungwa. Kikapu akamwachia jirani.

Jioni binti akanipigia. Hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Alisema maneno machache tu: "Dada, mama alitoka nyumbani akijua nimemsahau."

Ndugu zangu, kikapu kile hakikuwa na kasoro hata moja. Kilichokosekana ni namba moja ya simu. Namba moja! Swali ambalo lingenichukua nusu dakika kuliuliza, sikuliuliza.

Ndiyo maana jambo langu la kwanza ni hili: oda ya zawadi ina watu wawili. Anayeuza viatu ana mteja mmoja. Anayelipa ndiye anayevaa. Sisi tuna anayelipa na tuna anayepokea, na mara nyingi anayepokea hajui kwamba kuna kitu kinakuja. Anayelipa haoni mlango. Anayepokea hajui kuna dereva. Wewe peke yako ndiye uliyesimama katikati.

Kwa hiyo oda inapoingia, usikimbilie kuuliza rangi ya utepe. Uliza kwanza namba ya mpokeaji, na hapo hapo uliza kama tunaruhusiwa kumpigia au ni siri. Kama ni siri, nani mwingine wa nyumba ile au ofisi ile anaweza kupigiwa? Kuna geti? Kuna mlinzi? Ni ghorofa ya ngapi, na lifti inafanya kazi? Mpokeaji huwa nyumbani saa ngapi? Kuna chakula kinachomdhuru, kama karanga au maziwa? Hili la mwisho wengi hulisahau, na ni jambo la uhai wa mtu.

Na ramani ya simu je? Itumieni, inasaidia sana. Lakini alama ya ramani huangukia katikati ya jengo, au upande wa nyuma, na dereva anajikuta amesimama kwenye ukuta, geti liko barabara ya pili. Mwombe mteja aiweke alama penye geti, kisha akuandikie kwa maneno kile mtu anachokiona akiwa amesimama pale: ukuta wa rangi gani, mti upi, duka lipi. Maneno hayo mawili matatu yamemwokolea dereva wangu muda mwingi kuliko pikipiki mpya.

Halafu kuna sauti ya dereva. Mnajua ni zawadi ngapi zimeharibiwa na simu moja? "Mama, nina kikapu chako kutoka kwa mwanao, kina chokoleti na maua, uko wapi?" Basi, yote yamekwisha kabla mlango haujafunguliwa. Madereva wangu nimewaandikia sentensi moja kwenye kadi, na kadi iko kwenye mfuko wa shati: "Habari yako. Nina mzigo wako, naomba unielekeze nifike." Asiongeze neno. Akiulizwa umetoka kwa nani, ajibu kwamba kuna kadi ndani.

Tuingie kwenye muda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi naamini walikuwa wanamsema mfanyabiashara anayejibu "kitafika sasa hivi." Sasa hivi ni saa ngapi? Kwa nini tunaahidi kitu ambacho hatujakihesabu?

Hesabu ya safari huanzia mwisho ikarudi nyuma. Kikapu kinatakiwa mlangoni saa 4 asubuhi. Safari ni dakika 40. Kutafuta nyumba, kuegesha na kupanda ngazi, dakika 10. Kupakia na kukagua majina, dakika 15. Na dakika 25 nyingine naziweka kando kwa ajili ya barabara, maana barabara haimjui mtu. Jumla ni dakika 90. Basi kikapu kiwe kimefungwa, kina kadi, kiko karibu na mlango saa 2 na nusu. Na kama kifungwe saa 2 na nusu asubuhi, vitu vyake vinanunuliwa lini? Jana. Ndiyo kusema oda hiyo ilipaswa kufungwa jana mchana, na anayeagiza leo alfajiri anaambiwa kwa upole kwamba chake kitafika alasiri. Kumwambia hivyo si kumfukuza mteja. Ahadi ni deni, na deni usiloweza kulilipa usilikope.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna shimo ambalo sisi tunaozungumza Kiswahili tunaanguka ndani yake kila siku. Mteja alinitumia ujumbe: "Kifike Jumamosi saa 4." Mimi nikaelewa saa 4, jua linapanda, watu wako kazini. Dereva akafika saa 4 asubuhi na kikapu cha kumpongeza bibi harusi mtarajiwa. Ukumbi mtupu, mlinzi anafagia. Mteja alikuwa ameandika akiangalia saa ya simu yake: 4:00, yaani saa 10 jioni kwetu. Nani alikosea? Hakuna aliyekosea. Kila mmoja aliandika saa yake.

Toka siku ile, kwenye oda zangu hakuna "saa 4" iliyo peke yake. Ninaandika saa 4 asubuhi, na pembeni 10:00, kisha namrudishia mteja asome na kukubali. Fanyeni hivyo. Nasema tena, fanyeni hivyo. Na msikubali neno "kesho" kutoka kwa mtu aliye nchi nyingine, kwa sababu huenda kesho yake ni leo yako. Andika tarehe: siku, mwezi, mwaka.

Sikukuu nazo zina mtego wake. Tarehe 14 Februari ni ile ile kila mahali. Lakini siku ya akina mama? Marekani, tangu Rais Woodrow Wilson alipotangaza mwaka 1914, huadhimishwa Jumapili ya pili ya mwezi Mei, na nchi nyingi zimefuata hivyo. Uingereza ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambayo huangukia Machi au siku za mwanzo za Aprili. Sasa mteja aliyeko London anakuandikia, "nataka kikapu cha siku ya mama." Siku ya mama ipi? Yake au ya mama mwenyewe? Usipouliza, unaweza kuwahi au kuchelewa wiki nyingi, na wote wawili wakashangaa.

Na siku hizo kubwa, jueni ukomo wenu mapema. Chukueni siku ya kawaida, mpime: kutoka mlango mmoja mpaka mwingine dereva anatumia dakika ngapi? Kama ni dakika 25, basi kwa saa 5 za kazi ana milango 12, si 20. Ukiwa na dereva mmoja na umepokea oda 20, oda 8 umezipokea ukijua hazifiki. Mimi siku hizo siuzi saa kamili. Nauza asubuhi au alasiri, na asubuhi ikijaa naifunga. Mwaka wa kwanza nilipofunga niliona uchungu, nikadhani nimewafukuza watu. Siku ilipokwisha, simu ya malalamiko haikulia hata moja.

Jambo la njia. Nani hapa anajua hesabu? Ukiwa na nyumba 5 za kufikia, kuna namna 120 za kuzipanga, ipi ianze na ipi ifuate. Nyumba 10 je? Namna 3,628,800. Zaidi ya milioni tatu na nusu! Hesabu hii imewasumbua wataalamu wakubwa. Mwaka 1954 wanahisabati watatu, George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson, walipata njia fupi kuliko zote ya kuzunguka miji 49 ya Marekani, na ilihesabiwa kuwa kazi kubwa ya kitaalamu. Kwa hiyo ukiona dereva wako anakuna kichwa mbele ya vikapu 10, usimwite mzembe.

Siku hizi kuna programu za simu zinazopanga njia, nami nazitumia. Ila programu haijui kwamba mpokeaji wa tatu anatoka saa 4, wala kwamba barabara ile siku ya soko haipitiki. Anza na wenye saa maalumu ya kupokea. Waweke mahali pao kwanza, kisha waliobaki uwakusanye kwa mitaa, jirani na jirani. Kampuni ya kusafirisha vifurushi ya UPS ya Marekani kwa miaka mingi imewaelekeza madereva wake waepuke kukata kushoto inapowezekana, kwa sababu kule magari huendeshwa upande wa kulia, na anayekata kushoto anasubiri kuvuka magari yanayomjia. Panapoendeshwa upande wa kushoto, kona ya kukuchelewesha ni ya kulia. Jambo dogo, lakini mara 10 kwa siku ni muda.

Na kupakia, nilifundishwa na mzee mmoja aliyenifanyia kazi ya udereva. Siku ya kwanza nilimkuta amesimama kando ya gari, hajagusa kitu. Nikamwuliza, "Mzee, mbona hupakii?" Akanijibu kwa kuniuliza, "Mwanangu, wa mwisho ni nani?" Sikumwelewa. Akachukua ile karatasi ya majina, akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu. Wa mwisho kushuka akampandisha wa kwanza, ndani kabisa. Wa kwanza kushuka akamweka mlangoni. Kumbe sisi miaka yote tulikuwa tunapakia tunavyojisikia, halafu kila mlango dereva anahamisha vikapu vinne ili avute kimoja, na selofeni, ile plastiki ang'avu ya kufungia kikapu, inachanika. Mzee yule hajawahi kuchana selofeni. Majina aliyaandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya kila kikapu na namba ya zamu yake: 1, 2, 3. Tunafanya hivyo mpaka leo.

Kikapu chenyewe nacho ni msafiri. Mezani kinakaa kimetulia. Njiani kinatikiswa, kinaegemea, kinapigwa jua. Mmewahi kukipeleka kikapu safari ya majaribio? Chukueni kimoja, kiwekeni garini au kwenye pikipiki, zungukeni nusu saa katika barabara mbovu, mrudi mkifungue. Mtajionea. Mimi nilikuta chupa imelala juu ya biskuti na biskuti zimekuwa unga. Tangu hapo kizito kinakaa chini katikati, na chupa inafungwa kamba kwenye kikapu chenyewe, haiachwi huru kwa sababu imezungukwa na karatasi. Na kikapu kilichojaa kinabebwa kwa kushikwa chini, kwa mikono miwili. Mpini ni wa kupendezea macho.

Plastiki ile yenye mapovu mnayopenda kuipasua, asili yake ni 1957 huko New Jersey. Alfred Fielding na Marc Chavannes walikuwa wanatafuta karatasi ya kupamba ukuta. Ukutani haikupendwa, baadaye IBM waliitumia kufungia kompyuta zao zisafiri salama. Kilichoilinda kompyuta ni hewa, na hewa hiyo ndiyo ninayowaambia msiibane. Ukiikaza plastiki kwa gundi mpaka mapovu yapasuke, umebaki na karatasi ya plastiki tu.

Joto ni adui mkubwa. Siagi ya kakao iliyomo kwenye chokoleti huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi za Selsiasi, na gari lililofungwa juani hupita hapo kwa muda mfupi. Kama kuna chokoleti, kikapu hicho kinakwenda asubuhi na hakisubiri garini. Chakula kilichopikwa, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili nzima. Basi kama safari yako inazidi hapo, usikiweke, hata mteja akikubembeleza. Na ndizi mbivu usizifungie pamoja na matunda mengine usiku kucha: zinatoa gesi iitwayo ethilini, na asubuhi unakuta parachichi zimelainika kabla ya wakati.

Wanaotuma kwa kampuni za mizigo, hasa kwa ndege, jueni kwamba kikapu hulipiwa ukubwa. Kampuni nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Katoni ya 40 kwa 40 kwa 50 inakuwa kilo 16, ingawa mzani unasema kilo 4. Mpini ule mrefu uliokifanya kipendeze ndio unaolipiwa. Ukijua hivyo kabla, unatafuta kikapu kifupi. Ukijua baada ya kutoza bei, faida yako imeondoka na ndege.

Nimalizie na mlango. Hodi imepigwa, hakuna mtu. Dereva afanye nini? Jibu la swali hilo lisitafutwe pale mlangoni, dereva amesimama juani na wengine sita wanamsubiri. Liwe limeandikwa kwenye oda tangu siku ya kwanza: aachiwe nani, au kirudi, na kikirudi safari ya pili analipa nani. Dereva wangu husubiri dakika 10, hupiga simu mara mbili, kisha hufuata kilichoandikwa. Kikipokelewa, anaandika jina la aliyepokea na saa, anapiga picha ya kikapu kikiwa pale, akiomba ruhusa kama kuna mtu ndani ya picha, na ananitumia. Mimi namtumia mnunuzi papo hapo. Aliye mbali huwa ameshika simu siku nzima akingoja picha ile.

Binti yule wa mwanzo aliagiza tena mwaka uliofuata. Nilishangaa, sikutegemea. Safari hii nilikuwa na namba ya mama, namba ya jirani, rangi ya geti, na tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu. Saa 3 kasoro dakika 10 asubuhi dereva alinitumia neno moja, "Kapokea," na picha. Mama amesimama mlangoni na khanga yake ya nyumbani, kikapu amekikumbatia, kadi bado hajaifungua. Niliituma picha ile nikijua kwa binti ni usiku na atakuwa amelala. Alijibu kabla sijaiweka simu chini.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeinuliwa. Tuanze na dada wa kule nyuma, aliyeinua tangu tulipokuwa kwenye chokoleti.